Ukurasa kujipakia upya si dalili ya kudukuliwa

Kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka kwenye magrupu: ukirudi kwenye kichupo (tab) cha kivinjari, kama Chrome, ukakuta ukurasa unajipakia upya wenyewe, kuna mdukuzi anakuchungulia, hivyo futa kila kitu kwenye simu. Si kweli, na ushauri huo unaweza kukupotezea picha zako bure.

Kila kichupo kilicho wazi kinakula RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kifaa. Ikianza kujaa, kivinjari au simu yenyewe huondoa humo vichupo ambavyo hujavigusa kwa muda. Jina la ukurasa linabaki, ila yaliyomo hayapo tena; ukikibonyeza, yanaitwa upya kutoka mtandaoni. Ndiyo maana fomu uliyoijaza nusu unaweza kuikuta tupu, na hilo linauma kweli.

Jaribu mwenyewe. Acha vichupo viwili tu, hamahama kati yake: kwa kawaida vinatulia. Kisha fungua vingi, washa kamera na mchezo mzito, halafu rudi kwenye kile cha kwanza: huenda ukakikuta kinajipakia upya.

Hofu inaeleweka, maana wadukuzi wapo. Lakini hata kurasa za matokeo ya mechi huandikwa zijipakie zenyewe kila baada ya muda.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, mweleze aliyeutuma. Kwenye Chrome ya kompyuta, ingia mipangilio, sehemu ya utendaji, uzime uokoaji wa kumbukumbu (Memory Saver), unaoondoa vichupo usivyovitumia, au utaje tovuti unazotaka zibaki hai. Kwenye simu, punguza vichupo na programu zilizo wazi, na fomu ndefu imalize kabla hujahamia kwingine.