Baka la mtoto: hajafinywa, wala mama hakutazama mwezi

Jirani yangu alimfukuza dada wa kazi kwa sababu ya doa. Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akamwogesha, akamlaza kifudifudi mapajani ili ampake mafuta, ndipo akaona kwenye makalio rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, upana wa kiganja. "Huyu mtoto anafinywa." Dada alilia, akaapa, mwisho akafungasha. Miezi miwili baadaye baka lilikuwa palepale, rangi ileile, na dada alishakwenda kwao.

"Amepigwa, au mkunga alimvuta vibaya." Hakuguswa na mtu. Mimba ikiwa changa, chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi husafiri kutoka upande wa uti wa mgongo hadi tabaka la juu la ngozi. Nyingine hukwama njiani, huko chini. Rangi yenyewe ni ya kahawia, ila ukiitazama kupitia ngozi inageuka buluu, kama ilivyo mishipa ya mkononi. Watoto wengi sana wa Kiafrika huzaliwa na baka hili, na wa Asia vilevile. Erwin Bälz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Japani, ndiye aliyeliita doa la Kimongolia miaka ya 1880, jina ambalo madaktari wengi sasa wanaliacha. Haliumi, na mara nyingi hufifia kabla mtoto hajaanza shule.

Damu iliyovilia ina tabia nyingine. Inabadilika kila siku chache, zambarau, kijani, manjano, kisha inakwisha, na ukiibonyeza inauma. Kwa hiyo lipige picha baka siku za kwanza, na mwombe nesi aliandike kwenye kadi ya kliniki pamoja na mahali lilipo. Wenzetu wanaolea Ulaya na Marekani wasilisahau hili kabisa, maana mwalimu wa chekechea ambaye hajawahi kuliona anaweza kudhani mtoto anapigwa nyumbani.

"Mama alitazama kupatwa kwa mwezi," au "alinyimwa alichotamani." Imani hii si ya pwani peke yake. Kwa Kiarabu baka la kuzaliwa huitwa *wahma*, neno la ukoo mmoja na lile la hamu ya mjamzito, na Waitaliano nao huliita *voglia*, yaani hamu. Dunia nzima imekubaliana kumtwika mama lawama! Mwezi hauna njia ya kufika kwenye ngozi ya mtoto, wala embe alilolikosa. Chukua lile baka bapa, jekundu au zambarau, kama alilokuwa nalo Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, juu ya paji la uso. Mwaka 2013 watafiti waligundua kwamba hutokana na badiliko dogo la jeni linalotokea mtoto akiwa tumboni. Hakulirithi kwa baba wala kwa mama.

"Yote huondoka yenyewe, liacheni." Hapa ndipo watu wanapochelewa. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu uitwao hemanjioma. Mtoto huzaliwa safi, au na kialama hafifu, halafu wiki ya pili au ya tatu kinajitokeza kidoti chekundu. Kinanyanyuka, laini kama kipande cha nyanya, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana zambarau zaidi kuliko nyekundu. Hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha mtoto akikaribia mwaka huanza kunywea. Mengi kweli huachwa. Lakini likiwa karibu na jicho linaweza kuharibu uwezo wa kuona, na la mdomoni au penye nepi huchanika likawa kidonda. La kidevuni huenda lina mwenzake kooni, hasa mtoto akipumua kwa kukoroma. Yakifika matano au zaidi, daktari atataka kulipima ini kwa ultrasaundi.

Dawa ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba watoto waliopewa propranolol kwa matatizo mengine mabaka yao ya hemanjioma yalianza kufifia. Ni dawa ya moyo na presha, inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto, kwa hiyo dozi hupangwa na daktari; usimkatie mtoto kidonge cha bibi yake. Na nenda mapema, ndani ya mwezi wa kwanza au wa pili. Ukingoja chanjo ya surua ya miezi tisa, lile limeshamaliza kukua.

"Lipakwe kitu." Mate ya asubuhi hayafuti rangi, na yanaweza kumwachia mtoto maambukizi. Mkorogo ni balaa zaidi, kwa sababu mwingi una zebaki au steroidi kali, na ngozi ya kichanga hunyonya kuliko ya mtu mzima. Wembe hata nisiuzungumzie.

Yapo mabaka ambayo mtoto anaonyeshwa kliniki hata kama ananyonya na kucheka vizuri. Madoa sita au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa, kila moja likizidi milimita 5. Baka jekundu bapa linaloshika paji la uso na kope ya juu, ili jicho na ubongo navyo vichunguzwe. Na kishungi cha nywele, au kishimo kirefu, katikati kabisa ya kiuno, hapo hapo ambapo kila mtu anatafuta alama za vidole.