Je wajua? Klachi ikichoka haisemi kwenye gia ya kwanza, inasema kwenye ya nne

Kuna mshkaji wangu ana Altezza RS200, ile ya manyuo gia sita, akaanza kulalamika gari imekuwa nzito barabara kuu. Kapeleka kwa fundi, fundi kavuta handibreki, kaweka gia ya tatu, kaachia klachi, injini ikazima pap. "Klachi nzima hiyo bosi, badilisha plagi." Kabadilisha zote nne. Kufika mlima Kitonga anakanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka toka 4,000 hadi 5,000 na gari spidi ile ile, ndani kunanuka kama gazeti lililoungua.

Sasa kile kipimo kilidanganyaje?

Iko hivi, sahani ya klachi inabanwa katikati ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) na presha pleti (bamba linaloikandamiza), na kinachobana ni springi. Sahani ikilika springi inabadili mkao, mwanzoni inabana hata zaidi kidogo, baadaye ndio inalegea, kwa hiyo unaweza kuendesha miaka hujui kitu halafu mambo yanaharibika ndani ya mwezi. Ile ya handibreki injini inakuwa kwenye RPM za chini, nguvu kiduchu, hata klachi iliyochoka inaishika tu. Injini ya Altezza hii, 3S-GE, inatoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wake mkubwa, kama Nm 216, ikifika RPM 4,800. Huko ndiko klachi inapopimwa.

Na kwa nini gia ya juu? Kwenye gia ya kwanza RPM zinapanda haraka, sehemu ya nguvu inaliwa kuizungusha injini yenyewe na flaiwili, na sekunde chache tu ushabadilisha gia. Kwenye ya nne gari inavuta taratibu, karibu nguvu yote inapita kwenye klachi muda mrefu, joto linapanda, na sahani ikipata moto inazidi kuteleza. Kwa hiyo tafuta barabara isiyo na magari yenye kamlima, weka gia ya nne kwenye RPM 2,500 hivi, kanyaga mafuta yote. RPM na spidi zikipanda pamoja uko salama, mshale wa RPM ukitangulia peke yake basi klachi inateleza. Usirudie rudie maana kila mara unaimalizia.

Wengi wanapima kwa pedeli, eti inashikia juu. Kwenye gari za klachi ya kebo sawa, ila hii inasukumwa na mafuta ya haidroliki, inajirekebisha yenyewe, pedeli inaweza isikwambie chochote. Na gia zikigoma kuingia, hasa rivasi inakwaruza, hapo klachi haiachii vizuri, anza kuangalia silinda ya klachi pale pembeni ya gia boksi kama inavuja, gari ya mwaka 1998 raba zake zimezeeka jamani. Usishushe gia boksi kwa ajili ya raba! Kelele nazo: ikilia ukikanyaga pedeli, shuku beringi ya klachi, ikilia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya ndani ya gia boksi.

Kuna kingine kinachowachanganya hata mafundi, sahani inaweza kuwa bado nene kabisa lakini inateleza kwa sababu sili ya nyuma ya krenki inavuja na oili imeilowesha. Ukibadilisha sahani bila sili umejichimbia shimo, utarudi.

Ya mshkaji ilikuwa imelika hadi ribiti zimeanza kukwangua flaiwili, na flaiwili yenyewe ina madoa ya bluu kwa joto, ikabidi ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa. Kaweka sahani, presha pleti, beringi na sili kwa pamoja.

Zile plagi za zamani bado anazo kwenye buti. Nzima kabisa.