Mpira wa mtungi: kwa nini kila ubavu nimeupa wake

Mpira wangu unaoshikilia mtungi wa hewa kwapani ulikatika nikiwa nimezamia mita 18 chini, kwenye miamba ya kaskazini ya Unguja. Sikusikia kitu. Nilihisi tu shingo ya mtungi wa kushoto ikichomoka kwapani na mtungi mzima ukining'inia kwa klipu ya nyongani, kichwa chini, kama kuku anayebebwa sokoni. Nilikuwa navuta hewa ya mtungi huo huo, kwa hiyo regulata, kile kifaa cha kupumulia kinachokaa mdomoni, nayo ikaanza kunivuta mdomo. Niliishika shingo, nikaitafuta ile kamba fupi ya akiba niliyoifunga kwenye mtungi, nikaiklipu kwenye pete ya kifuani, tukaendelea. Ilitakiwa iwe imeklipiwa tangu juu ya boti. Uvivu wangu.

Jioni niliukata ule mpira nione ndani. Ala ya nje ilikuwa bado nyeusi tii, imesukwa vizuri, unaweza kuuza dukani. Nyuzi za mpira za ndani zilikuwa zimekatikakatika kama tambi kavu. Chumvi na jua vimefanya kazi yake, ala inaficha aibu.

Kwa asiyeujua uzamiaji huu (nasemea wa mitungi, si wa meli wala wa harusi): saidimaunti ni kubeba mtungi kila ubavu badala ya kuufunga mgongoni. Ulianzia kwa watu wa mapangoni, Waingereza waliokuwa wakipenya vijia vilivyojaa maji, ukakomaa kwenye mapango ya Florida na Mexico. Mtungi unashikwa sehemu mbili. Chini kuna klipu inayofungwa nyongani au kwenye bamba la makalioni. Juu kuna mpira unaotoka mgongoni, unapita chini ya kwapa, unaizunguka vali na kuivuta ikae kwapani. Klipu haina mjadala mkubwa. Ubishi wote uko kwenye mpira.

Kambi ya kwanza inatumia mpira mmoja mrefu unaopita nyuma ya mabega kutoka kwapa hadi kwapa. Ni rahisi kuufunga, na unajisawazisha wenyewe: ukinyoosha mkono wa kushoto, mpira unaazima urefu kidogo kutoka kulia. Ukiwa pangoni, unajipenyeza na kujipinda huku mitungi yote ikikaa nawe muda wote, jambo hilo ni tamu. Kambi ya pili inaupa kila ubavu mpira wake, umefungwa nyuma ya bega, mwisho wake una klipu ya kwenda kwenye pete ya kifuani. Ipo na ya tatu, ya pete iliyofungwa kwa mpira mfupi, unaiklipu kwenye kitanzi cha shingo ya mtungi. Inawafaa wenye mitungi mizito ya chuma na glavu nene. Kwa maji yetu ya nyuzi 25 na kuendelea sina haja nayo.

Mimi niko kambi ya pili, na sababu yangu ni boti. Huku kwetu mzamiaji wa saidimaunti mara nyingi hapandi na mitungi yake. Anaelea kando ya boti, anavua mmoja, baharia anaupokea, kisha anavua wa pili. Kwa mpira mmoja mrefu, ukishavua mtungi wa kushoto ule wa kulia unapoteza mvuto: mpira unateleza upande wake, vali inashuka, na wewe uko kwenye mawimbi mkono mmoja umeshika ngazi. Wapo wanaopiga fundo katikati ya mgongo ili mpira usiteleze. Sawa, lakini hapo umeshatengeneza mipira miwili, ila ukikatika karibu na fundo bado unabaki na kazi ya pande zote. Na mabega ya mtu hayalingani. Langu la kulia limekaa chini kidogo, kwa hiyo mpira wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili.

Kosa moja naliona karibu kila kozi. Mwanafunzi anarudi analalamika kwamba mpira umelegea, mitungi imeinua mkia. Mpira hauna kosa. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukiwa na mgandamizo wa bar 200 una hewa ya kama lita 2,200, ambayo ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ukirudi na bar 50, karibu kilo mbili umeshazivuta. Alumini iliyokuwa ikizama kidogo sasa inataka kuelea, na kwa kuwa vali na regulata viko juu, kinachopanda ni kitako. Ukikaza mpira utaumia kwapa tu. Hamisha klipu ya chini kwenye pete ya mbele zaidi kwenye mkanda wa kiuno, au funga uzito mdogo karibu na kitako. Mitungi ya chuma haina tabia hii, inabaki mizito hadi mwisho, ndiyo maana hutaka mpira mnene zaidi.

Kuhusu unene, mimi natumia milimita 6 kwa alumini. Wa milimita 8 unakaza mno kwa suti nyembamba, na ukipambana nao dakika tano kabla ya kushuka unaanza kuzamia ukiwa unahema. Urefu sipimi kwa sentimita. Navaa hanesi, ile mikanda ya mwilini inayobeba mitungi, nausukuma mpira chini ya kwapa bila kuuvuta: klipu ifike mbele ya kwapa, iwe bado mbali na pete ya kifuani. Kisha navuta. Ikifika peteni bila kuhitaji meno, umepata. Wakati wa kuuzungusha, upitishe kwenye mwili wa vali, usiuning'inize kwenye kishikio chake peke yake. Kishikio kinazunguka, na sitaki mpira wangu unifungie hewa.

Ukaguzi naufanya kwa masikio na vidole. Kila Jumamosi, baada ya kusuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, nauvuta mpira polepole karibu na sikio, huku kidole gumba kikipita juu ya ala. Ukisikia kama mchanga unasagika, au kidole kikakutana na sehemu nyembamba, tupa. Usiuhamishie kwa mwanafunzi. Ncha za mpya nazichoma kwa kiberiti ala isifumuke, napiga fundo lenye umbo la nane, na ile kamba fupi ya shingoni naiklipu kabla mtungi haujagusa maji.