Wanaume wawili na swali la mbegu

Nafanya kazi kwenye maabara ya uzazi, na wanaume wawili wanaotaka mtoto wakija kwetu, swali lao la kwanza huwa ni lilelile: tutumie mbegu za nani? Wengine huuliza kama tunaweza kuzichanganya tu, asijulikane.

Hatuchanganyi. Siku mtoto akiugua, daktari atataka kujua historia ya ukoo. Tena kuna nchi, Afrika Kusini na Uingereza zikiwemo, ambazo sheria yake inataka angalau mmoja wa wazazi awe na uhusiano wa kijenetiki na mtoto.

Tunachofanya ni kugawa mayai. Tuseme mtoa mayai, yaani mwanamke anayewapa mayai yake, ametoa 16: manane yatapata mbegu za huyu, manane za yule, kila fungu kwenye kisahani chake chenye jina. Mara nyingi tunaingiza mbegu moja kwa sindano ndani ya kila yai. Asubuhi yake naangalia kwa darubini. Yai lililorutubishwa huonyesha viduara viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, kimoja cha yai, kingine cha mbegu. Nimeshaviona mara nyingi mno na bado sijavichoka.

Kisha tunasubiri mayai hayo yakue hadi siku ya 5 au ya 6, na hapo ndipo hesabu huvurugika. Mengi huishia njiani. Mmoja anaweza kubaki na viinitete vinne, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, na mwenzake akakosa kabisa, kwa hiyo nawasihi walizungumze hilo mapema, kabla ya kutoa mayai, si siku ya majibu. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa mwilini, kwa hiyo anayevuta sigara aache miezi mitatu kabla.

Mbeba mimba, yaani mwanamke atakayepandikizwa kiinitete na kuwazalia mtoto, kwa kawaida si yule aliyetoa mayai. Tunatafuta mwanamke aliyekwisha kuzaa salama, na maamuzi ya kitabibu juu ya mwili wake ni yake, hata kama gharama zote zinalipwa na wengine. Wengi huniomba tupandikize viwili, kimoja cha kila baba, wapate mapacha. Nakataa. Mimba ya mapacha huongeza hatari ya kuzaa njiti na ya shinikizo la damu, na atakayebeba hatari hiyo ni mama huyo, si wao.

Vya sheria navigusa kwa juu tu. Uingereza, aliyejifungua ndiye mama kisheria hata kama yai si lake. Wanaume wawili wameruhusiwa kuomba amri ya mahakama ya kuwafanya wazazi kisheria tangu 2010. California, amri hiyo hupatikana hata kabla mtoto hajazaliwa. Italia nayo, mwaka 2024, ilifanya kuwa kosa la jinai kwa raia wake kwenda nje kutafuta mwanamke wa kuwabebea mimba. Ndiyo maana, mtu akinipigia simu mara ya kwanza, kabla ya habari za mbegu namuuliza kama ameshaonana na wakili.