Si kila kinu cha Uholanzi kinasaga

Kila msimu wa likizo picha ya Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi, inazunguka mitandaoni: vinu vya upepo vimepangana kando ya maji, na chini yake mtu kaandika, "Hapa ndipo Waholanzi walipokuwa wakisaga ngano yao." Siyo.

Kinu cha upepo cha nafaka ni hiki: upepo unasukuma mabawa, mabawa yanazungusha magurudumu yenye meno ya mbao, nayo yanazungusha jiwe la juu juu ya jiwe la chini lisilosogea. Nafaka inapita katikati na kutoka unga. Basi.

Sasa vile 19 vya Kinderdijk, ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, vilijengwa kuvuta maji. Karibu robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, na mashamba yasipotolewa maji yanageuka ziwa. Ndani yake usitafute mawe ya kusagia. Kazi ni ya gurudumu la kuteka maji na kuyapandisha kwenye mfereji ulio juu zaidi. Kwa kuwa vimesimama uwandani, upepo unavifikia bila taabu.

Cha nafaka mara nyingi kilikuwa mjini, karibu na waokaji mikate, kwa hiyo kililazimika kupanda juu ya mapaa ya nyumba kuutafuta upepo. Ndiyo maana De Valk, kinu cha mji wa Leiden, iliyojengwa mwaka 1743 na leo ni makumbusho, ina ghorofa saba na roshani ya mbao iliyouzunguka mnara. Msagaji alisimama pale kufunga au kukunja maturubai ya mabawa na kugeuza kofia ya kinu, yaani paa linalobeba mabawa, ielekee upepo. Familia yake iliishi ghorofa za chini.

Ninachokipenda zaidi kiko kwenye mawe. Juu yake kuna kihori cha nafaka kinachotikiswa na mzunguko wenyewe wa jiwe: upepo ukikaza, jiwe linakimbia, na nafaka nayo inamiminika zaidi. Msagaji anaupokea unga chini, anausugua kwa kidole gumba, akiona haufai anarekebisha nafasi kati ya mawe.

Umbo la nje peke yake halitoshi kukuambia kitu. De Adriaan, kinu cha mji wa Haarlem, ilianza mwaka 1779 ikisaga malighafi ya saruji na magome ya mti wa mwaloni, ikaja kusaga tumbaku, na nafaka ikafuata baadaye kabisa. Iliungua mwaka 1932, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2002.

Picha za Kinderdijk ni nzuri, endeleeni kuziweka. Ila pale chini andikeni "vinu vya kuvuta maji", na anayetaka kuona mawe apande ngazi za De Valk.