Okayu: dhana potofu kuhusu uji wa mchele wa Kijapani

Okayu ni mchele na maji basi, na pengine ndiyo maana kila mtu huamini anaujua.

"Ni wali uliozidi maji"

Wali bokoboko ni ajali. Okayu una vipimo, na vyote huhesabiwa kwa ujazo wa mchele mkavu. Kikombe 1 kwa maji 5 ni zengayu, uji mzito wa mtu mzima. Kwa maji 7 ni shichibugayu. Kwa maji 10 ni gobugayu, wa mgonjwa anayeanza kurudiwa na hamu ya kula. Maji mazito yanayochujwa kutoka uji mwepesi, yasiyo na punje hata moja, huitwa omoyu. Kikombe cha mchele cha Japani ni mililita 180, ila chochote kinafaa mradi upimie hichohicho mchele na maji.

Wengi hukosea wanapotumia wali wa jana na kuupimia maji vilevile. Wali umeshakunywa maji: gramu 150 za mchele huwa karibu gramu 340 za wali. Ukitaka uwe mzito kama uji wa 1 kwa 10, gramu 50 za wali zinahitaji kama mililita 240, wala si 500.

"Uji lazima ukorogwe"

Hapa mazoea ya uji wa unga hutuponza. Unga usipokorogwa huota madonge. Punje nzima haina shida hiyo. Ukiikoroga hupasuka, wanga hutoka, na sufuria nzima hugeuka gundi inayoshika chini. Uji wa Kikantoni huvuruga punje kwa makusudi, ilhali okayu hutaka punje ionekane, imevimba, na ivunjike ukiibana kwa ulimi.

Osha mchele, uloweke dakika 30, kisha uweke kwenye chungu au sufuria nene, maji yasipite nusu ya chombo. Moto uwe wa wastani hadi uchemke, na hapo upitishe mwiko chini mara moja tu kubandua punje. Punguza moto kabisa, acha mfuniko wazi kidogo, dakika 30 hadi 40. Ukiufunika wote, povu la wanga litafurika hata kwenye moto mdogo. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Zima, funika dakika 10, ndipo utie chumvi.

"Mchele wowote utatoa uji uleule"

Mchele wa Kijapani una punje fupi na amilosi kidogo, ile aina ya wanga isiyonata, na uchache huo ndio unaoupa mnato. Basmati, ambayo kwenye biriani tunaisifu kwa kuchambuka, hapa hukuachia maji juu na punje chini. Ukiwa nayo hiyohiyo, ponda theluthi ya punje kwa mwiko mwishoni.

"Wa mtoto ni huohuo, umesagwa"

Wajapani huanza kumlisha mtoto akiwa na miezi 5 hadi 6. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6. Siku ya kwanza ni kijiko kimoja cha chai cha uji wa 1 kwa 10, laini kabisa: mililita 30 za mchele kwa 300 za maji. Miezi 7 na 8 maji hushuka hadi 7, miezi 9 hadi 11 hufika 5, na baada ya mwaka ni wali laini wa maji 2 au 3. Kadiri anavyokua, punje nazo huachwa zizidi kuonekana, ajifunze kutafuna.

Pitisha uji kwenye chujio ungali wa moto, kwani ukipoa hunata na kuziba matundu. Blenda nayo ina visa vyake: uji mchache haufikii visu, na ukisaga mno unateleza kama gundi.

Usitie chumvi wala sukari. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja, hata iliyochemshwa, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha, hustahimili maji yanayochemka. Mwaka 2017 mtoto wa miezi 6 alifariki Tokyo kwa sababu hiyo.

"Unatosha kuwa mlo"

Hautoshi. Gramu 100 za zengayu zina kama kilokalori 65, wali 156, na gobugayu 33 tu. Madini ya chuma karibu hayamo, na akiba ya mtoto hupungua kuanzia miezi 6. Uji ukishazoeleka, ongeza mboga zilizopondwa, tofu ya soya, samaki mweupe na kiini cha yai kilichoiva vizuri. Mtu mzima atautia yai au umeboshi, tunda chachu lililotiwa chumvi.

"Ni chakula cha wagonjwa"

Waulize watu wa Nara, huko Japani, ambao chagayu yao hupikwa kwa chai ya kukaanga. Tarehe 7 Januari Japani nzima hula nanakusagayu, uji wa majani saba.

"Umekuwa maji, basi umechacha"

Mara nyingi ni mate. Kijiko kilichotoka mdomoni hubeba amilesi, nayo humeng'enya wanga ndani ya bakuli. Mgawie mtoto kiasi chake, na atakachobakiza mwaga. Ule usioguswa upoze haraka, kwa kuwa mbegu za bakteria Bacillus cereus huvuka mchemko na kuamka kwenye uji vuguvugu. Ugandishe kwenye trei ya barafu, umalize ndani ya wiki, na kila kipande kichemke tena ndipo kipoe cha kulishwa.