Dawa ya ukungu ikivunjika udongoni, viazi hupata nini?

Kule Molo, Kuresoi na Mau Narok katika Kaunti ya Nakuru, shamba la viazi vya aina ya Shangi likishapigwa dawa ya ukungu, mara nyingi majani hukolea kijani siku chache baadaye. Ndiyo maana utasikia mkulima akisema dawa hiyo ina vitamini. Usemi huo una ukweli ndani yake, ila ni ukweli mdogo sana, na anayeutegemea kulisha viazi hupoteza pesa.

Dawa kuvunjika ni molekuli zake kukatika vipande vidogo zaidi. Maji na mwanga wa jua huanza kazi hiyo, lakini udongoni wafanyakazi wakubwa ni bakteria na kuvu, ambao hupata chakula katika kaboni iliyomo. Kasi yake huhesabiwa kwa siku zinazopita mpaka nusu ya dawa iwe imekwisha.

Tuchukue mankozebu, ule unga wa manjano unaozuia bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuchoma shamba zima wiki ya ukungu wa angani na mvua. Imeundwa kwa kaboni, nitrojeni na salfa, vyote vikiwa vimefungamana na madini mawili: manganizi, takriban asilimia 20 ya uzito wake, na zinki, kama asilimia 2.5. Kwenye udongo wenye unyevu, nusu yake huisha ndani ya siku chache tu. Kipande kimojawapo kinachotokea, kiitwacho ETU, hukawia zaidi, na kwa kuwa huyeyuka majini kwa urahisi, mvua inaweza kukibeba. Hicho ndicho huhusishwa na madhara kwenye tezi ya shingo, kwa hiyo maji ya kuoshea pampu yasimwagwe kamwe karibu na Mto Molo au Mto Njoro, ambako watu na mifugo hunywa. Vijidudu vikimaliza kazi, kaboni hutoka kama hewa ya ukaa.

Madini yenyewe hayavunjiki. Manganizi hubaki manganizi, na zinki hubaki zinki. Viazi huyahitaji yote mawili: manganizi husaidia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nayo zinki inahusika na kukua kwa machipukizi. Sehemu yake hunyonywa na jani moja kwa moja, nyingine huangukia udongoni.

Sasa tupige hesabu. Kilo 1 ya unga wenye mankozebu asilimia 80 ina mankozebu gramu 800. Humo mna manganizi gramu 160 hivi na zinki gramu 20. Ukipiga kilo hiyo mara 5 kwa ekari, msimu mzima umetoa zinki gramu 100. Potasiamu, ambayo kiazi huihitaji kwa wingi ili kijae, haimo kabisa, na kila tani ya viazi inayovunwa huondoka shambani na kama kilo 4 au zaidi za potasiamu. Fosforasi nayo haimo.

Tena, udongo wenye asidi, ambao si mgeni katika nyanda za juu za Nakuru, huyeyusha manganizi kwa wingi wenyewe. Humo viazi huweza hata kudhurika kwa kuzidiwa nayo. Kumwongezea mwenye shamba kama hilo manganizi kutoka kwenye pampu hakumsaidii. Anachohitaji kwanza ni kujua kiwango cha asidi, na pengine chokaa ya kuipunguza. Chokaa nayo itiwe kwa kipimo, kwa sababu ikizidi hufunga zinki isifikie mizizi.

Dawa za shaba ni kisa kingine. Shaba ni elementi, haina cha kuvunjika, hivyo hurundikana msimu baada ya msimu kwenye udongo wa juu, na ikizidi huwadhuru minyoo wa udongoni. Mwenye kuzipiga kila mwaka aombe shaba ipimwe pamoja na asidi na zinki anapopeleka udongo maabara. Zinki ikionekana pungufu, salfeti ya zinki huwekwa wakati wa kupanda, kwa kiasi kitakachotajwa kwenye majibu hayo.